UFERI: chama cha wazawa kilivyopanda na kuporomoka Katanga

Chama cha UFERI kilishika Katanga, jimbo la migodi kusini mwa Kongo (Zaire ya wakati huo), kwa zaidi ya miaka mitatu bila kupigiwa kura hata moja. Kilizaliwa mwaka 1990, kikakalia kiti cha gavana Lubumbashi kuanzia mwishoni mwa 1991, na chini ya kivuli chake mamia ya maelfu ya watu wenye asili ya Kasai, eneo jirani, waling'olewa Likasi, Kolwezi na miji mingine ya migodi. Waasi wa Laurent-Désiré Kabila walipoingia Lubumbashi mwaka 1997, chama kilikuwa kimebaki jina. Ukiuliza leo kwenye Kenya au Katuba, makomini (vitongoji) ya Lubumbashi, ilikuwaje, utapewa jibu moja kati ya mawili. Kuna wanaosema ni chuki ya tangu zamani kati ya Wakatanga na Wakasai. Kuna wanaosema ni mchezo wa Mobutu, rais wa wakati huo, tu. Yote mawili yana ukweli, ila hakuna linaloeleza kwa nini moto uliwaka 1992 na si 1985, wala kwa nini chama kilichojaza barabara kiasi kile kilinywea upesi namna ile. Ili kuelewa, inabidi kutazama kile ambacho chama kilikuwa kinagawa: nafasi za kazi, na nyumba zilizofuatana na kazi hizo.

Ulaya, chama cha namna hii kingewekwa moja kwa moja kwenye mrengo wa kulia uliokithiri. Kwetu kipimo hicho hakifiki mbali. UFERI haikuwa na neno jipya juu ya kodi, soko wala ardhi ya mkulima. Ilikuwa na swali moja tu, nani mwenye nchi na nani mkuja, na swali hilo lilitosha kujaza uwanja kila Jumapili.

Wakuja waliletwa

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na kwa miaka mingi ya mwanzo mikono ya kuchimba shaba ilitafutwa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Kuwategemea watu wa koloni la Waingereza hakukuwafurahisha Wabelgiji. Reli ya BCK ilipounganisha Katanga na bandari ya Port-Francqui, Ilebo ya sasa, mwaka 1928, ilipita katikati ya Kasai. Kuanzia hapo behewa lilikuwa linapita karibu na mlango wa kijiji, na kampuni ikachukua watu huko kwa wingi.

Wakati huohuo Union Minière ilibadili sera. Badala ya kumchukua mwanamume kwa miezi michache na kumrudisha kwao amechakaa, ilianza kumpa mkataba wa miaka mitatu, ikamruhusu kuja na mke, ikamjengea nyumba kambini. Posho ilitoka kila wiki. Mtoto alizaliwa kwenye hospitali ya kampuni, akasoma shule ya wamisionari iliyolipiwa na kampuni, akakua akaajiriwa na kampuni hiyohiyo. Wakasai waliokuwa wamepitia shule za misheni mapema wakawa makarani, walimu na mafundi wa reli. Vijiji vya Katanga vilivyozunguka migodi vilibaki na kazi ya kulima mahindi ya kulisha kambi hizo. Mpangilio huu ulibuniwa na ofisi za Wabelgiji, lakini aliyeonekana machoni pa mtu wa kijijini hakuwa Mbelgiji wa ofisini. Alikuwa karani Mkasai dirishani.

Uchaguzi wa makomini wa Desemba 1957 uliweka jambo hilo hadharani. Mameya Waafrika waliotokea Elisabethville hawakuwa na mzawa wa Katanga hata mmoja, na wengi wao walikuwa Wakasai. Oktoba 1958 ikaundwa Conakat, muungano wa vyama vya kikabila vya wale waliojiita Wakatanga halisi. Kiongozi wa kwanza alikuwa Godefroid Munongo, kisha Moïse Tshombe akashika usukani. Munongo, tukumbuke, alikuwa wa ukoo wa Msiri, mfalme wa Wayeke, na Wayeke waliingia Katanga karne ya 19 wakitokea Unyamwezi, Tanzania ya leo. Uhalisi ulikuwa na umri wa miaka mia moja hivi, na hakuna aliyeona shida.

Walowezi wa kizungu nao walikuwa na chama chao, Union Katangaise, na mwaka 1959 kiliungana na Conakat. Waliogopa Léopoldville, Kinshasa ya leo, yenye serikali moja yenye nguvu kuliko walivyowaogopa wenyeji. Waluba wa Katanga wenyewe, chini ya Jason Sendwe, walitoka Conakat mwishoni mwa 1959 na kushikamana na chama chao, Balubakat. Uchaguzi wa Mei 1960 ukaipa Conakat viti 25 kati ya 60 vya bunge la jimbo, na kambi ya Balubakat viti 23. Vilivyobaki vilikuwa vya wagombea huru na vyama vidogo, na wengi wao wakaelekea Conakat.

Hapa kuna hatua ndogo ya kisheria ambayo watu huiruka, na ndiyo iliyoamua kila kitu. Sheria ya Msingi, katiba ya muda ya wakati huo, ilitaka theluthi mbili ya wabunge wawepo ndipo serikali ya jimbo iundwe. Balubakat ikasusia, bunge likakwama. Katikati ya Juni 1960 bunge la Ubelgiji likabadili sheria hiyo ili wingi wa kawaida utoshe, na siku chache baadaye Tshombe akawa na serikali yenye watu wa upande mmoja tu. Tarehe 11 Julai akatangaza Katanga imejitenga. Kodi za Union Minière zikaingia hazina ya Elisabethville badala ya Léopoldville. Mwaka uliofuata makumi ya maelfu ya Waluba walikuwa wamejazana kwenye kambi ya Umoja wa Mataifa pembezoni mwa mji, wakikimbia polisi na vijana wa chama, hadi waliposafirishwa 1962. Kujitenga kukafa Januari 1963.

Waliokuja na UFERI miaka 30 baadaye walikuwa wameusoma ukurasa huo vizuri. Walijua kwamba kiti cha mkuu wa jimbo kina uzito kuliko hesabu ya kura, na kwamba asiye na mkono ndani ya kampuni ya madini hana chama Katanga.

Kutoka upinzani hadi ikulu ya jimbo

Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja tarehe 24 Aprili 1990. Wiki chache baadaye, usiku wa tarehe 11 Mei, wanafunzi waliuawa kwenye kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na mji ukajua kwamba demokrasia iliyotangazwa haina mlinzi. Katika hali hiyo Jean Nguz a Karl-i-Bond akaanzisha Union des Fédéralistes et des Républicains Indépendants, UFERI.

Nguz alikuwa Mlunda wa kusini mwa Katanga, na wasifu wake unachanganya. Alikuwa waziri wa mambo ya nje wa Mobutu, akahukumiwa kifo 1977 baada ya vita ya kwanza ya Shaba, yaani Katanga, akasamehewa, akawa waziri mkuu 1980, akakimbilia uhamishoni 1981 na kumtukana Mobutu kutoka huko, akarudi 1985, akatumwa ubalozini Washington. Mwenzake, Gabriel Kyungu wa Kumwanza, alikuwa na historia safi zaidi. Alikuwa mmoja wa wabunge 13 waliomwandikia Mobutu barua ya wazi mwaka 1980, pamoja na Étienne Tshisekedi, na alionja jela kwa ajili hiyo. Yaani mtu ambaye baadaye angehubiri kuwaondoa Wakasai alikuwa ameteswa bega kwa bega na Mkasai mashuhuri kuliko wote.

Mwanzoni UFERI haikuwa chama cha kufukuza mtu. Dai lake lilikuwa shirikisho: Katanga, wakati huo ikiitwa Shaba, inalisha hazina ya nchi kwa shaba na kobalti, na inarudishiwa barabara zenye mashimo na shule zisizo na paa. Dai hilo lilikuwa na msingi, na hata aliyekuwa na asili ya Kasai aliyezaliwa Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, angeweza kulikubali. Julai 1991 UFERI ikaingia Union Sacrée, umoja wa upinzani, pamoja na UDPS ya Tshisekedi na chama cha PDSC.

Geuko lilikuja ndani ya miezi michache. Septemba 1991 askari wasiolipwa wakapora Kinshasa, na Oktoba Lubumbashi nayo ikaporwa. Mobutu akamteua Tshisekedi waziri mkuu, akamwondoa kabla ya mwezi kwisha. Tarehe 25 Novemba akampa Nguz kiti hicho, Nguz akakubali, Union Sacrée ikamfukuza. Muda huohuo Kyungu akawa gavana wa Shaba.

Hesabu ya Mobutu haikuwa ngumu. Upinzani ulikuwa na miguu miwili mikubwa: Kasai na mtandao wa Wakasai mijini nyuma ya UDPS, na Katanga nyuma ya UFERI. Miguu hiyo ikitembea pamoja, utawala wake umekwisha. Ikipigana, anaweza kukaa pembeni na kuitwa mpatanishi. Kwa upande wake, Nguz alikuwa amepoteza washirika wote wa Kinshasa. Kilichobaki kwake ni jimbo lake, na jimbo halisimami nyuma ya mtu kwa sababu tu amepewa cheo na Mobutu. Alihitaji sababu. Tarehe 19 Januari 1992 alisimamisha Kongamano Kuu la Kitaifa, CNS, mkutano wa kujadili mustakabali wa nchi, na moja ya hoja zilizotolewa ni kwamba Wakasai wamejaa mno ndani yake. Wakristo walioandamana Kinshasa tarehe 16 Februari wakidai lifunguliwe walipigwa risasi. Sababu ilikuwa imepatikana.

Mtambo ulivyofanya kazi

Chama cha namna hii hakiendeshwi kwa hotuba peke yake, ingawa hotuba zilikuwepo. Kyungu alizungumza Kiswahili cha mji, si Kifaransa cha ofisini, na alijua kuchekesha uwanja kabla ya kuuwasha. Mwito ulikuwa «Debout Katanga», Katanga simama. Wakasai wakaitwa bilulu, wadudu wanaokula mazao ya mwingine. Redio ya jimbo ilikuwa chini ya gavana, hivyo kilichosemwa uwanjani Jumapili kilisikika hadi vijijini siku zilizofuata, na kilisikika kama sauti ya serikali.

Chini ya maneno kulikuwa na vijana, JUFERI. Wengi walikuwa hawana kazi, baadhi wakiwa wametoka vijijini wakakuta mji hauajiri tena. Walilinda mikutano, wakaweka vizuizi, wakapita nyumba kwa nyumba. Askari na polisi waliachia, na mara nyingine walikuja tu baada ya nyumba kuchomwa. Nchi ilikuwa na sheria dhidi ya ukabila tangu tarehe 7 Juni 1966, iliyoweka kifungo kwa mtu anayechochea chuki dhidi ya kabila. Haikuwa imefutwa. Haikutumika tu, kwa sababu mwenye kuamrisha polisi wa jimbo ndiye aliyekuwa anahutubia.

Lakini vijana hawa wasingedumu hata miezi mitatu bila malipo ya aina fulani, na hapo ndipo Gécamines inapoingia. Kampuni hiyo ilirithi Union Minière baada ya kutaifishwa mwaka 1967, na ilirithi pia ule mpangilio wa kambi. Mfanyakazi wa Gécamines alikuwa na mshahara, lakini mshahara ulikuwa sehemu ndogo. Alikuwa na nyumba ya kampuni yenye maji na umeme. Alipata unga wa mahindi kwa idadi ya watoto wake. Watoto walisoma shule za kampuni, mke alijifungua hospitali ya kampuni. Reli, SNCZ, ilikuwa na mpangilio unaofanana. Kumwondoa mtu mmoja kwenye kiti kimoja kulifungua kwa mkupuo mmoja kazi, nyumba, unga, shule na kitanda cha hospitali. Hakuna mradi wa maendeleo ambao ungeweza kumpa kijana kiasi hicho kwa siku moja.

Na kiti cha Mkasai kilipatikana kwa hatua zinazofuatana. Kwanza Wakasai wakaondolewa kwenye vyeo vya utawala wa jimbo. Kisha vyeo vya juu vya kampuni na vya shule. Kisha, barabarani, kila mwenye asili ya Kasai akaambiwa arudi kwao, awe mkurugenzi au muuza mkate. Mtu aliyeshangilia hatua ya kwanza akidhani inahusu wakubwa tu alishtuka baadaye kumwona jirani yake anafunga magodoro.

Mlipuko mkubwa ulikuja baada ya tarehe 15 Agosti 1992, CNS ilipomchagua Tshisekedi waziri mkuu mahali pa Nguz. Wakasai wa Lubumbashi walishangilia mitaani, na kwa UFERI shangwe ile ilikuwa uthibitisho wa kila kitu walichokuwa wakisema. Vurugu zikaanza Lubumbashi, zikawa mbaya zaidi Likasi, kilomita 120 kutoka hapo, Agosti na Septemba. Kolwezi ililipuka Machi 1993. Ukilinganisha miji hii utaona jambo: Lubumbashi, mji mkubwa wenye biashara, makanisa, ofisi nyingi na macho mengi, ilifukuza watu wachache kwa uwiano. Likasi na Kolwezi, miji iliyoishi kwa mwajiri mmoja, ndiyo iliyokamuliwa hadi mwisho. Chuki ilikuwa ileile kwenye redio ileile. Tofauti ni kwamba kule, kazi ya jirani ndiyo ilikuwa kazi pekee iliyopo.

Stesheni ya Likasi

Waliofukuzwa walikimbilia shuleni, kanisani, na hasa stesheni, kwa kuwa njia ya Kasai ni reli. Ni takriban kilomita 1,000 kutoka Lubumbashi hadi Mwene-Ditu, kupitia Kamina. SNCZ wakati huo haikuwa na injini za kutosha wala mabehewa ya kutosha kwa mizigo yake ya kawaida. Treni ya kuwachukua watu ilikuja kwa wiki, si kwa siku, na safari yenyewe iliweza kuchukua wiki pia.

Hivyo stesheni ikageuka mji. Watu walijenga vibanda vya maturubai na mabati kandokando ya njia, wakapika penye kokoto za reli, wakachimba vyoo mahali ambapo hapakupangiwa vyoo. Cherehani, milango iliyong'olewa kwenye fremu na meza za kulia vilirundikwa pembeni, kisha vikauzwa kimoja kimoja kwa bei ya kutupa kwa wale wanaobaki. Surua na malaria viliua watoto wengi. Mashirika kama Médecins Sans Frontières yalifanya kazi Likasi na Kolwezi, yakigawa maji na chanjo kwenye majukwaa ya reli. Treni ilipofika, watu walipanda mabehewa ya mizigo, yaliyo wazi na yaliyofungwa, mzee na mchanga pamoja.

Walikuwa wanarudishwa mahali ambapo wengi hawakuwahi kutoka. Mtu wa kizazi cha tatu cha kambi ya Gécamines aliongea Kiswahili cha Katanga, na Kiluba chake kilikuwa cha kusalimia bibi. Mbuji-Mayi na Mwene-Ditu viliwapokea kama wageni, na hata huko walipewa majina ya kando. Mbuji-Mayi ilipata mafundi, walimu na wafanyabiashara ambao Likasi iliwapoteza, jambo ambalo si dogo kwenye ramani ya uchumi wa nchi hii, ingawa hakuna aliyelipanga.

Kwa nini kiliporomoka

Hesabu ya kwanza iliyokikwamisha chama ni ya tani. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa chini wa Kamoto uliporomoka. Fedha za matengenezo zilikuwa zimekwisha kunyonywa Kinshasa kwa miaka, vipuri haviji, wakopeshaji wamefunga mifuko. Mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Si kweli, kama inavyosemwa mara nyingi Kasai, kwamba kufukuzwa kwa Wakasai ndiko kulikoua Gécamines. Kampuni ilikuwa inakufa tayari. Kufukuzwa kulichofanya ni kuondoa mafundi wazoefu kwa mkupuo, kwenye tanuru na kwenye karakana za reli, ambako kosa la mtu mpya husimamisha mtambo mzima. Kampuni mgonjwa ikanyang'anywa wauguzi.

Kwa hiyo nafasi zilizogawiwa zilikuwa zinaoza mikononi mwa waliozipata. Mtu alihamia nyumba ya Mkasai, akakuta bomba halitoi maji kwa sababu kampuni hailipi. Alipata kazi, mshahara ukachelewa miezi. Na ulipofika, haukuwa na thamani: mfumuko wa bei ulikwenda kwa maelfu ya asilimia kwa mwaka, na Oktoba 1993 serikali ilileta zaire mpya, moja kwa zaire za zamani milioni 3. Chama kilichojengwa juu ya kugawa hakiwezi kumwambia mfuasi wake asubiri. Kyungu alitangaza mambo makubwa mwishoni mwa 1993, jimbo likarudia jina la Katanga na habari za kujitawala zikavuma, lakini tangazo halijazi sufuria.

La pili ni kwamba adui alikuwa ameondoka. Maadamu Mkasai alikuwepo, Mlunda, Mbemba, Msanga, Myeke na Mluba wa kaskazini walikuwa wote Wakatanga. Alipopanda treni, swali la nani mwenye nchi likabaki mezani bila mlengwa. Nguz alikuwa mtu wa kusini. Kyungu alikuwa Mluba wa Katanga, wa jamii ileile ya Sendwe ambayo mwaka 1960 ilikuwa upande wa pili wa Conakat. Ugomvi wa kusini na kaskazini ulikuwa umefunikwa tu, na ulipofunuka uliwapasua viongozi wawili na wafuasi wao.

Tatu, na kwa kiasi changu cha kuamini ndiyo iliyomaliza kazi, mwenye kukiazima chama alikwisha kukitumia. Mobutu alimpa Nguz cheo tena 1993, naibu waziri mkuu wa kwanza mwenye ulinzi katika serikali ya waziri mkuu Birindwa, wakati bado alihitaji kumzuia Tshisekedi. Juni 1994 Kengo wa Dondo akawa waziri mkuu, na upinzani ulikuwa umegawanyika vya kutosha bila msaada wa Lubumbashi. Gavana anayezungumzia kujitawala akawa kero. Mwaka 1995 Kyungu aliondolewa na kukamatwa, akituhumiwa mambo ya silaha. Mji haukulipuka. Chama kilichoweza kutoa maelfu ya vijana kumfukuza muuza mkate hakikuweza kumlinda gavana wake, maana vijana wale walikuwa wanafanya kazi palipokuwa na ruhusa na malipo, na vyote viwili vilikuwa vimetoka juu.

Ni hapo ambapo kukosa uchaguzi kunaonekana maana yake. Zaire haikupiga kura ya kitaifa kati ya 1990 na 1997. UFERI haikuwahi kulazimika kuwa na matawi yanayohesabu wanachama, wala kujua kama inapendwa Kapanga kuliko Kalemie. Kiti chake kilikuwa cha kuteuliwa, na cha kuteuliwa huondoka na barua. AFDL, waasi wa Kabila, iliingia Lubumbashi tarehe 9 Aprili 1997, Kabila akajitangaza rais tarehe 17 Mei akiwa mjini hapohapo, na siku kadhaa baadaye shughuli za vyama zikasimamishwa nchi nzima. Hakukuwa na kitu kikubwa cha kusimamisha. Nguz alifariki 2003.

Kilichobaki

Kyungu hakufa kisiasa. Aliunda UNAFEC, chama cha shirikisho pia, na baada ya uchaguzi wa 2006, mara hii uchaguzi wa kweli, akawa spika wa bunge la jimbo la Katanga. Baadaye alijiunga na upinzani dhidi ya Joseph Kabila, akafariki Agosti 2021. Wapo Lubumbashi wanaomkumbuka kama baba wa dai la jimbo na wapo wasiotaka jina lake litajwe mezani, na mara nyingi wanakaa barabara moja.

Dai lenyewe la shirikisho liliingia kwa mlango wa katiba. Kifungu cha 175 cha katiba ya 2006 kinasema asilimia 40 ya mapato ya kitaifa yanayotoka jimboni yabaki jimboni, yakatwe hukohuko kabla ya kupanda Kinshasa. Utekelezaji umekuwa ugomvi wa kila bajeti. Sheria ya vyama ya Machi 2004 nayo inakataza chama kujitambulisha kwa kabila, dini, lugha au asili ya watu wake, na vyama vimejifunza kuandika hati zenye kila jimbo ndani yake, kisha kampeni ikafanywa kwa lugha moja. Mwenye kutaka kujua chama ni cha nani hasomi hati. Anatazama orodha ya wagombea wa miji ya migodi, halafu anatazama nani aliyeajiriwa wiki ya kwanza baada ya ushindi.

Mwaka 2015 Katanga ilikatwa vipande vinne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Shaba na kobalti vilibaki sehemu kubwa kwenye viwili vya kwanza. Waluba wa Katanga, ambao vijana wao walikuwa mstari wa mbele wa JUFERI, vijiji vyao vya asili viko zaidi Haut-Lomami na Tanganyika. Kolwezi leo wanaulizwa kadi ya uchaguzi waliipata wapi, na baba zao walitoka jimbo gani. Treni ya Mwene-Ditu, kwa upande wake, imekuwa ikishusha watu Lubumbashi tena.